Mama Otilia Ndimbo, Mlezi wa Mbasa wa Lihanje

Ifikapo tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Otilia Ndimbo atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita ya utumishi katika Kituo cha Urithi cha Jumba la Lihanje, na siku hiyohiyo atastaafu. Aliingia kama kibarua wa kufyeka nyasi. Anaondoka akiwa Msimamizi wa Bustani na Maji, cheo ambacho kabla yake hakikuwapo, na ambacho baadhi yetu tunashuku kilibuniwa ili apatikane wa kulaumiwa maji yakikosekana.

Wageni wengi wa sherehe hii ya kumuaga watatoka mbali, hivyo ni vizuri waelezwe kwanza habari za jumba lenyewe. Lilijengwa na Chifu Lupogo kwa fedha za kahawa, wakati kahawa ya milima hii ilipoanza kusafiri mbali kuliko wakulima wake. Mbele ya baraza chifu alitaka bustani, na katikati ya bustani alitaka chemchemi ya kurusha maji, jambo aliloliona safarini na ambalo halikumtoka akilini. Akaitwa mchonga mawe kutoka Lituhi, jina lake Mansuetus, aliyejifunza kazi hiyo misheni. Mawe yalitolewa ufukweni mwa ziwa yakapandishwa mlimani kwa mabega ya watu. Mansuetus aliagizwa achonge simba. Alichonga mbasa, samaki wa ziwani, amesimama kwa mkia na kinywa kimeelekea mbinguni. Alipoulizwa, alisema simba hajawahi kumwona, lakini mbasa amemla sana. Chifu alicheka, na samaki akabaki.

Maji yalitoka kwenye chanzo kilichoko mlimani juu ya jumba, yakashuka kwa bomba la chuma, yakapanda ndani ya samaki na kuruka. Watu waliacha kuiita chemchemi, wakaiita Mbasa. Aliruka miaka mingi, kisha, kabla ya Uhuru, akanyamaza. Kila mgeni aliyefika hapa aliambiwa kwamba bomba lililiwa na kutu. Mama Otilia mwenyewe aliwaeleza hivyo wanafunzi, mapadre, watalii na maharusi, kwa sauti ya mtu aliyeiona hiyo kutu.

Alizaliwa Mpepai, akaolewa na Mzee Victor wa bondeni, kijiji kilicho chini ya jumba letu. Alipoanza kazi bustani ilikuwa pori, na birika la mawe linalomzunguka samaki lilikuwa jalala. Alitoa humo viatu, mafuvu ya mbuzi, pipa moja la kahawa, na nyoka ambaye alikuwa amefanya kinywa cha Mbasa kuwa nyumba yake. Inasemekana alimwambia nyoka atoke kwa hiari. Alipokataa, Mama Otilia alimwaga maji ya moto kinywani mwa samaki, na hayo ndiyo yalikuwa maji ya kwanza kupita humo baada ya miaka thelathini na zaidi.

Tangu hapo aliosha birika kavu kila wiki. Wengi walimshangaa. Mkuu mmoja wa zamani aliwahi kumuuliza kwa nini anasugua kitu kisicho na maji. Alijibu kwamba sahani huoshwa kabla ya chakula pia.

Wafanyakazi wapya walimjua haraka. Aliyekanyaga majani yake alibebeshwa samadi kutoka zizini hadi kwenye mawaridi, awe mhudumu au mhasibu. Chai yake ya mchaichai ilitibu mafua, na kwa maoni yake ilitibu pia uvivu. Wote alituita wanangu, pamoja na wale waliompita umri, na hakuna aliyethubutu kupita mbele ya stoo yake ya majembe bila shikamoo.

Miaka kumi ya mwanzo ilimpa sifa kubwa kwa jambo moja: miti. Mlima ulio juu ya chanzo ulikuwa umebaki upara. Mama Otilia alipanda mikaratusi, ambayo wengi hapa tunaiita milingoti, kuanzia ukingo wa chanzo hadi karibu na kilele. Alimwagilia miche kwa ndoo za kichwani. Ilikua upesi, ikawa msitu wenye kivuli na harufu nzuri, na siku ya kupanda miti ya mkoa akapewa cheti mbele ya umati. Kilining'inia ndani ya stoo yake, juu ya makwanja ya kufyekea, na kilifutwa vumbi mara nyingi kuliko kitu kingine chochote mle.

Mwaka 2019 zilipatikana fedha za kumkarabati Mbasa. Mkuu wa kituo wakati huo alikuwa Bwana Augustino Kapinga, mtu wa mpangilio, aliyetaka kila kitu kirudi kama kilivyokuwa enzi za chifu, na asilimia kubwa ya wafanyakazi tuliliona hilo ndilo sahihi. Alitafutwa fundi wa mawe, Elias, naye kwa bahati akatokea Lituhi. Elias na Mama Otilia waligombana siku ya kwanza kuhusu mahali pa kuweka kokoto, na baada ya hapo walifanya kazi kama watu waliozaliwa nyumba moja.

Saruji iliyokuwa imepakwa ovyo miaka ya nyuma ilibanduliwa yote. Nyufa zilizibwa kwa chokaa na mchanga wa ziwani, kama alivyofanya Mansuetus. Taya la chini la samaki lilikuwa limevunjika, Elias akachonga jingine. Mama Otilia alilikataa mara mbili kwa madai kwamba linamfanya mbasa aonekane ana meno yanayouma. Bomba la zamani lilifukuliwa. Karibu na chanzo walikuta limekatwa, na ndani yake kimeshindiliwa kipande cha gogo kigumu kama jiwe, kimezungushiwa udongo wa mfinyanzi. Mahali hapo chuma kilikuwa kizima kabisa.

"Hili bomba halikuliwa na kutu," Elias alisema.

"Basi fundi fulani aliliziba kwa matope," Mama Otilia alijibu, akakitupa kile kipande pembeni. Alikuwa na haraka. Mabomba mapya yalikuwa yamefika, yakalazwa palepale yalipolala ya kwanza, la Mbasa likiwa chini kabisa ya kisima cha kukusanyia maji, na lile linalokwenda bondeni likiwa juu yake.

Mwezi Mei koki ilifunguliwa kwa majaribio. Samaki alikohoa hewa, akatema maji ya rangi ya chai, akanyamaza kidogo, kisha akaruka. Maji yalipanda yakapita ukingo wa paa la baraza. Mama Otilia, ambaye katika miaka yote ile hatukuwahi kumsikia akipaza sauti isipokuwa kwa mbuzi, alipiga vigelegele hadi kanga ikamdondoka. Alisimama chini ya manyunyu na nguo zake zote. Bwana Augustino alikwenda kumshika mkono, naye akalowa. Picha ya siku hiyo imo katika ukurasa wa mwisho wa programu hii, na Bwana Augustino ametoa ruhusa itumike.

Uzinduzi ulipangwa uwe Oktoba. Kadi zikatolewa, mgeni rasmi akakubali. Katikati ya Septemba, Mama Otilia akiwa ameinama anasugua ukingo wa birika, walifika akina mama wa bondeni, kila mmoja na ndoo tupu. Mbele yao alikuwa Bi Yuliana, dada wa Mzee Victor na mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Walizipanga ndoo kulizunguka birika, wakakaa juu ya majani. Hakuna aliyewabebesha samadi.

"Shikamoo, wifi," alisema Mama Otilia.

"Marahaba. Tumekuja kuteka."

"Kuteka hapa? Maji haya hayanyweki, wifi. Ndege wanaoga humu."

"Basi tuambie tunywe nini. Bomba letu tangu juzi linakohoa tu. Zahanati jana wamezalisha mama kwa maji ya dumu."

Mama Otilia alinyooka. "Hiki ni kiangazi. Kila mwaka maji hupungua."

"Hupungua, ndiyo. Hayajapata kukauka kabisa kwetu huku samaki anacheza kwenu." Bi Yuliana alimtazama Mbasa. "Nimesema uongo. Iliwahi kutokea mara moja. Unajua mama zetu walifanya nini?"

Mama Otilia hakujua.

"Walipanda juu, wakalikata hilo bomba la chifu, wakalishindilia gogo na udongo. Mama alikuwemo. Mkweo huyo aliyekufundisha kusonga ugali. Nyie mnawaambia wageni kutu, kutu. Hiyo kutu ilikuwa na mikono, wifi."

Akina mama wengine walicheka. Mama Otilia hakucheka. Aliyashuhudia hayo mfanyakazi mwenzetu aliyekuwa kwenye baraza, na anasema Mama Otilia aliuliza jambo moja tu: kama chifu alijua. Bi Yuliana alijibu kwamba chifu alipanda mwenyewe akaona, akashuka, na kuanzia siku ile akiulizwa alisema Mbasa amelala.

Mawifi hao wawili walipanda kwenye chanzo pamoja. Yaliyosemwa huko tumeyapata kwa Mama Otilia mwenyewe, miaka baadaye, na hayakuwa mengi. Walikuta maji kidogo chini ya kisima, na yote yakiingia kwenye bomba la Mbasa. Bi Yuliana alionyesha mwamba uliokuwa umebadilika rangi juu kidogo ya magoti yake, akasema maji zamani yalifika hapo, hata Oktoba. Kisha akaweka kiganja kwenye gome la mlingoti uliokuwa karibu.

"Hii miti inakunywa kuliko sisi," alisema. "Kabla yake hatukuwahi kukosa namna hii."

"Nilipewa cheti kwa miti hii."

"Najua. Nilikuwepo. Nilikupigia makofi."

Mama Otilia alifunga koki ya Mbasa palepale, ndipo akashuka kutoa taarifa. Kwa utaratibu wa kazi alipaswa kuanza na taarifa. Bwana Augustino hakufurahi, na kwa haki kabisa, maana kadi zilikuwa zimefika hadi Songea.

"Mama Otilia, mgeni rasmi anakuja kuona maji."

"Ataona samaki, mwanangu."

"Samaki mkavu?"

"Hata mbasa mkavu analiwa."

Bwana Augustino aliagiza koki ifunguliwe kwa siku ya uzinduzi tu. Mama Otilia alisema ufunguo wa kisima ameuacha bondeni kwa mwenyekiti wa kamati, na anayeutaka akamwombe. Hakuna aliyekwenda. Uzinduzi ukafanyika. Kitambaa kilivutwa, kwaya ikaimba, wapiga picha wakasogea, na Mbasa akabaki amefungua kinywa chake kipya pasipo kutoka hata tone. Mgeni rasmi aliuliza maji yako wapi. Mama Otilia aliinuka kutoka kiti chake cha nyuma, akasema maji yako zahanati, mheshimiwa, na akakaa. Mgeni rasmi alitafakari kidogo, akaendelea na hotuba yake kuhusu utalii.

Wasifu wa kweli hauwezi kuruka kilichofuata. Mama Otilia alipewa karipio, la kwanza na la mwisho katika utumishi wake. Palikuwa na wazo la kumhamishia kituo kingine, nalo lilijadiliwa kwa uzito. Wenzake wengine walimnunia kwa kuwa waliona amewaaibisha. Katika miezi hiyo alikula chakula cha mchana peke yake stoo. Hakueleza wala kujitetea, na birika kavu aliliosha kama kawaida.

Kisha akaomba kibali cha kuikata miti yake. Aliomba yote, kuanzia ukingo wa chanzo hadi alikoishia kupanda. Bwana Augustino, ambaye ndiye aliyemkaripia, ndiye aliyekifuatilia kibali hicho ofisi moja baada ya nyingine hadi kikapatikana. Hatukumuuliza sababu. Yeye husema tu kwamba alipanda kwenye chanzo siku moja, peke yake.

Siku ya kuanza kukata, Mama Otilia alikwenda na shoka lake. Mti wa kwanza aliuchagua yeye, ule mkubwa wa ukingoni. Alipiga mapigo machache kisha akamkabidhi kijana wa msumeno, maana umri hauna huruma. Ulipoanguka harufu yake ilifika hadi jumbani. Alikaa juu ya kisiki kibichi. Baadaye alisema kwamba miti ile ni rika la mwanawe wa pili. Jioni hiyo alikishusha cheti ukutani. Mbao zimeezeka madarasa ya shule ya bondeni, na mtu akimwambia kwamba hilo nalo ni jambo jema, hukubali kwa kichwa tu.

Mahali pa miti lilirudi jambo ambalo Wamatengo, wenyeji wa milima hii, hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Wanaume wa bondeni walikata nyasi wakazilaza mlimani miraba kwa miraba, wanawake wakachimba udongo katikati na kuzifunika, na upara ule ukawa ngoro tupu, mashimo safu kwa safu yanayoidaka mvua kabla haijakimbilia ziwani. Wafanyakazi wa kituo tulialikwa kusaidia. Ngoro zetu zilitambulika kwa mbali, nusu yake zilirudiwa na Bi Yuliana. Pembezoni mwa chanzo ilipandwa mikuyu. Visiki vya milingoti havikukubali kufa kwa urahisi. Kila msimu vilichipua, na kila msimu Mama Otilia alipanda na panga kuviondoa, akivisema kwa Kimatengo maneno ambayo programu hii haitayachapisha.

Masika ya kwanza hayakubadilisha kitu, na waliocheka walicheka. Ya pili, maji yalipanda kisimani kiasi cha kiganja. Ya tatu yalifika karibu na ile alama ya mwamba na yakakaa hadi Agosti. Mabomba yalibadilishwa nafasi: la bondeni sasa liko chini, la Mbasa liko juu na linapata kinachozidi. Ufunguo haukurudi kituoni. Kamati ya maji hufungua Mbasa mvua zikikolea na kumfunga inapoona inafaa, na watalii wanaokuja Septemba wakiuliza, huambiwa kwamba Mbasa amelala, na mwongoza wageni huwasimulia ni akina nani waliomlaza mara ya kwanza. Wengi huomba kupelekwa kwenye chanzo. Zamani walipiga picha moja ya birika, wakaondoka kuwahi usafiri wa Mbamba Bay.

Mawifi bado hawajakubaliana juu ya mambo mengi. Wiki iliyopita tu walibishana kwa sauti kuhusu nani alikuwa na zamu ya kusafisha chujio. Lakini Bi Yuliana ndiye aliyejitolea kupika siku ya sherehe, na ameshatoa onyo kwamba atakayesema wali haukuiva ale ugali.

Mama Otilia anarudi Mpepai, kwenye mibuni aliyorithi, pamoja na Mzee Victor ambaye kwa miaka mingi amekuwa akimuuliza kama ameolewa na yeye au na samaki. Amekataa zawadi ya kiti cha kuegemea. Ameomba jembe jipya na mche mmoja wa mkuyu, navyo vimepatikana.

Programu hii inakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Kamati ya maji inakaa Jumatano. Sherehe inaangukia kiangazi, wakati ambapo Mbasa kwa kawaida hufungwa, na Mama Otilia ametukataza tusiombe afunguliwe kwa ajili yake. Tumeomba. Bi Yuliana alitupokea vizuri, akatupa viti, akasema watapima maji ya zahanati kwanza ndipo watujibu, na kwamba tusije kumlilia yeye jibu likiwa baya, wifi yake ndiye aliyewafundisha. Kwa hiyo ndugu mgeni unayesoma haya ukiwa umekaa bustanini, wewe tayari unajua lililoamuliwa. Sisi tuliokuandalia hatujui.

Mama, Mbasa akiwa anaruka au amelala, asante. Ulitulea, ukatubebesha samadi, ukakata kwa mkono wako ulichopanda kwa mkono wako ili watu wanywe. Nenda ukapumzike, nasi tunajua hutapumzika. Mibuni ikuzalie, magoti yakutii, na ukipita njia hii usisahau kuingia: shikamoo yako utaikuta mlangoni.

Hamphrey Turuka, kwa niaba ya wafanyakazi wa Jumba la Lihanje